Naishi na Makochi

Bwenini, 6 Februari

Baba, shikamoo.

Kabla ya salamu nyingine nikugombeze. Simu yako nimeipiga mpaka kidole kimeota sugu. Inaita wee, haipokelewi. Siku ukipokea unasema "salama, salama," halafu unakata hata sijamaliza kukuamkia. Au umepata mchumba asiyenipenda? Mwambie nilitangulia mimi, na sihamishwi.

Hapa dobini mashuka hayaishi. Mahoteli yamejaa wageni, sisi tumejaa povu. Vidole vyangu vimekunjamana, ukiviona utaniamkia wewe.

Sasa sikia kioja. Unamkumbuka yule dada mpiga pasi, anayelala kitanda cha juu yangu? Amekutwa na kifua kikuu. Kifua kikuu, Baba! Muda wote ule anakohoa, sisi anatuambia ni mvuke wa pasi. Na kuumwa peke yake hakukumtosha. Muuguzi wa zahanati alipomuuliza analala na nani, akatutaja chumba kizima, jina kwa jina, kama vile tumeiba. Tukapangwa foleni uani, wanaume wa mashine wanatuangalia, tukatemeshwa makohozi kwenye vikopo, tukapigwa picha za kifua. Nilitamani ardhi ipasuke. Wote tumekutwa wazima, lakini nani atalikumbuka hilo? Jina letu sasa ni "chumba cha kukohoa".

Mimi sikunyamaza, unanijua. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mtu mwenye haya angekufa na siri yake kuliko kuwapaka wenzake matope. Godoro lake tumelitoa varandani. Kikombe chake nimekitupa mwenyewe, nimekishika kwa gazeti.

Nibusie Chiriku wangu. Mwambie mama yake hajasahau mdoli. Bado anaongea hata usingizini?

Mwanao,
Mama Chiriku


Nyumbani, 20 Februari

Mwanangu, marahaba.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi.

Simu usiihangaikie tena, imeanguka kwenye ndoo ya gundi. Gundi ya makochi unaijua, haina msamaha. Fundi simu aliifungua, akaifunga, akanipa pole. Basi tuandikiane. Barua ina adabu, haimkatizi mtu maneno. Dereva wa basi nimemshonea kiti chake mimi mwenyewe, kwa hiyo atatubebea huku amekaa vizuri.

Mchumba sina. Nani atamtaka mzee anayenuka sponji?

Nimesikitika kwa yaliyowapata. Ni kweli, kutajwa kubaya. Mtu akishatajwa kwa ugonjwa ule, mwili unaweza kupona lakini jina halipoi. Mmefanya vema kujihadhari.

Kazi ipo. Nimepewa viti vya ukumbi, vyote vimechakaa makalio. Chumba chetu ni kile kile, karakana mbele, kitanda nyuma ya pazia, ila sasa nimeliziba dirisha. Vumbi la barabarani limezidi. Nimepigilia kitambaa kizito cha kochi, chekundu cha kuiva, misumari pande zote nne, hata unyoya haupiti. Wateja wanasema pamekuwa kama sinema.

Chiriku wako hajambo, na redio ikizimika hatuhitaji nyingine. Analala kwenye kochi lolote lililokwisha, leo la hakimu, kesho la mwenye duka. Hakuna tajiri anayebadilisha vitanda kama yeye. Kabla ya kulala lazima nimsimulie, na lazima niwe karibu, pua kwa pua, la sivyo anasema hadithi haifiki.

Ugomvi wetu ni mmoja. Nimejitengea kikombe, sahani na kijiko. Usicheke, mtu akizeeka anaota miiko. Kikombe nimekifunga uzi mwekundu mkononi ili asikosee. Sasa hicho hicho ndicho anachokitaka. Nikamwambia kina mwenyewe. "Mwenyewe nani?" Nikamwambia ni cha Mfalme. Tangu siku hiyo akikiona anakipigia magoti.

Baba yako,
Fundi


Bwenini, 17 Machi

Baba, shikamoo.

Ndoo ya gundi! Nimecheka hadi msimamizi akaja kuuliza kama nimemaliza foronya.

Kicheko kilikatika shangazi aliponipigia. Anasema alipita kukuona, akakuta shingo yako imekuwa ya jogoo aliyenyeshewa. Anasema humo ndani joto ni la tanuri na umemkatalia kufungua dirisha, mpaka akahisi unamfukuza. "Kaka yangu ananificha jambo," ndivyo alivyosema. Mimi nikamjibu basi mchumba yupo kweli. Lakini nilipokata simu sikucheka tena.

Unakula, Baba? Nimetuma sweta na mdoli wa Chiriku kwa dereva. Mdoli nywele zinachomoka, mshonee.

Mpiga pasi bado yupo. Kila asubuhi anameza dawa mbele ya muuguzi, halafu anakwenda kula ngazini peke yake. Anasema ameshaambiwa hawezi tena kumwambukiza mtu. Nani amjaribu? Jana alinisalimia, nikajifanya nahesabu foronya. Siku nzima nikajisikia vibaya, sijui kwa nini.

Niambie ukweli, unaumwa? Kama ni meno, kama ni tumbo, niambie nitume cha kutuma. Ila usije ukaniambia ni kitu cha aibu, maana mwaka huu aibu imenitosha.

Mwanao,
Mama Chiriku


Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Sweta imefika. Tunaenea mimi na mgeni mmoja. Shangazi yako anapenda kukuza mambo, tangu utotoni akiona mjusi anasema mamba. Kukonda ni meno tu, nyama inanishinda. Nimepata dawa, nameza kila siku, na nguvu zinarudi. Juzi nimebeba fremu ya kochi peke yangu kutoka mlangoni mpaka kwenye meza. Chiriku anaviita vidonge vyangu shanga. Amewatangazia watoto wote wa chekechea kwamba babu anameza shanga, anatengeneza mkufu tumboni.

Mdoli nimemshonea nywele za uzi wa viti, hazitoki mpaka kiama.

Chiriku mwenyewe amekuwa mpole kidogo. Kahoma kanakuja jioni, asubuhi kameondoka. Chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Dukani wamenipa dawa ya maji, anainywa bila kelele, na hilo ndilo linalonishangaza. Juzi nilimsimulia ile ya sungura aliyemwazima fisi suruali, akalala katikati. Hakuniuliza hata rangi ya suruali. Labda anakua. Labda anakukumbuka. Nikivikabidhi viti vya ukumbi nitampeleka akatazamwe.

Kulikuwa na jambo jingine nilitaka kukuandikia, lakini karatasi imekwisha.

Baba yako,
Fundi


Wodini, 9 Mei

Baba,

Nampa shangazi karatasi hii akuletee. Nimefika juzi. Nyumbani sikupita na sitapita.

Mwanangu amelala na mrija puani. Macho yake yako wazi, lakini nikiinama haniangalii mimi, anaangalia mahali fulani nyuma yangu. Daktari anasema ni kifua kikuu, kimetoka kwenye mapafu kimepanda kichwani, kwenye utando unaofunika ubongo. Sikujua kwamba ugonjwa wa kifua unaweza kupanda kichwani. Wewe ulijua?

Akaniambia mtoto wa umri huu mara nyingi hukipata kwa mtu anayeishi naye ndani. Nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba nyumbani hakuna mgonjwa, kuna mzee mmoja na makochi. Daktari akatazama chini. Muuguzi ndiye aliyenishika mkono akasema, "Mama, mzee wako yuko kwenye dawa tangu Machi."

Tangu Machi! Mimi nakuandikia habari za sweta, wewe unaniandikia habari za meno.

Barua yako ya mwisho nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nimeitoa nikaitazama. Uliandika kwamba karatasi imekwisha. Nusu yake ni tupu, Baba. Nusu nzima, nyeupe.

Mwanangu alikuwa anaongea hata usingizini. Sasa hasemi hata akiwa macho.

Usije huku.

Mama yake


Nyumbani, 12 Mei

Mwanangu,

Hukuniamkia, na hukukosea. Sina uso wa kukutazama, kwa hiyo nashukuru hata kwamba umenikataza kuja.

Ndiyo, nilijua. Kwa vipimo nilijua Machi, lakini moyo ulijua tangu Januari. Siku ilipofika barua yako ya mpiga pasi nilikuwa nimeshika kalamu nikuambie kwamba nakohoa na kwamba ninaogopa. Nikaisoma, nikaiweka kalamu. Hilo sikuandikii ili nikulaumu. Kinywa kilikuwa changu.

Simu haikuanguka kwenye gundi. Iko kabatini, nimeizima, kwa sababu ungesikia kifua changu. Dirisha nalo sikuliziba kwa ajili ya vumbi. Watu wanapita hatua mbili kutoka pale ninapokaa, na mteja akimsikia fundi anakohoa namna ile, kochi lake analifuata siku hiyo hiyo. Nikawazibia wasisikie. Nikibanwa sana nilikuwa nalaza uso kwenye sponji, nakohoa humo.

Nilijiona mwenye akili. Kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, nikiviosha kwa maji ya moto mpaka vidole vinababuka. Nilidhani ugonjwa unakaa kwenye kikombe kama makombo. Muuguzi aliponieleza, nilitaka kumwomba anyamaze. Kikombe hakikuwa na kosa lolote. Ugonjwa ulikuwa ukitoka na pumzi yangu, ukibaki humo ndani, na humo ndani nilikuwa nimepigilia misumari kwa mkono wangu. Chiriku akaniambia nisogee karibu hadithi ifike, nami nikasogea.

Kuna jambo moja zaidi, na hili naliandika kalamu inagoma. Machi nilipotema damu nilikwenda kliniki. Muuguzi alikuwa mwema, akaniuliza taratibu, "Nyumbani unaishi na nani, Mzee?" Ile foleni yenu ya uani ikanijia. Nikamwona Chiriku chekechea, wenzake wamehamishiwa benchi jingine. Nikamjibu, "Naishi na makochi."

Akacheka. Nami nikacheka. Akaendelea na swali lingine.

Maisha yangu yote watu wamecheka kwa maneno yangu, na nikajiona nimebarikiwa. Siku ile laiti asingecheka, angeniuliza tena, na mara ya pili nisingeweza kudanganya. Kumbe watoto wa umri wake hupimwa, na wasiougua hupewa dawa ya kuwakinga. Wakitajwa tu. Nilidhani namficha na maneno ya watu, kumbe nilimficha na dawa.

Naona haya, mwanangu. Naona haya nikila, naona haya nikijisikia nafuu. Kifua kimelegea, napanda ngazi bila kushika ukuta, na kila siku ninayoamka mzima naona kama nimekula cha mtoto.

Misumari nimeing'oa. Majirani walisimama kutazama, nikawaambia ni ugonjwa gani. Wengine wameniletea maji ya kunywa, wengine wamevuka upande wa pili wa barabara. Wote ni sawa.

Wodini sitakuja. Ninakaa kwenye benchi la nje ya lango. Kama na hapo ni kuja, niambie, nitasogea.

Baba yako

Nyongeza. Mimi shangazi yako. Barua nimeisoma, na sioni haya, huyu kaka nimemfulia mashati tangu sijui kusoma. Kuna jambo hakuliandika na hataliandika. Siku mtoto alipopatwa na degedege, wewe hujafika, hospitalini walikuwa wanamtibu homa nyingine kabisa. Waliuliza kama nyumbani kuna anayekohoa, mimi kwa ujinga wangu nikasema hakuna. Kaka akasimama katikati ya ukumbi, watu wamejaa, wateja wake wawili wamo, akasema kwa sauti ya kuita mnada, "Daktari, mimi nina kifua kikuu. Nalala chumba kimoja na huyu mtoto. Nilidanganya." Hapo ndipo walipobadilisha dawa, na daktari ameniambia wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu ameumbuka mbele ya watu kabla kifo hakijafika, na kwa ajili hiyo mtoto anapumua. Hasira yako ni halali yako, sikunyang'anyi. Ila kasirika ukiwa unajua yote.


Wodini, 2 Juni

Baba, shikamoo.

Mrija wameutoa. Mguu wa kushoto bado mzito, na daktari hataki kuniahidi kitu, anasema tusubiri dawa na mazoezi. Lakini jana ameongea. Nilikuwa nimejiandalia neno la kwanza liwe "Mama". Muuguzi alimletea maji kwenye kikombe cha wodi, mtoto akakisukuma kikamwagika, akasema, "Cha Mfalme."

Muuguzi alidhani anaweweseka. Mimi nilitoka nje nikalia mpaka mfagiaji akaniwekea kiti. Baadaye nikamuuliza daktari kama anaweza kupewa kikombe chako. Akasema ni kikombe tu, mama, mpe.

Hasira haijaisha, Baba, nisikudanganye. Kuna saa naangalia ule mguu na ninachokiwaza juu yako hakiandikiki. Halafu nakumbuka yangu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mtu mwenye haya angekufa na siri yake. Niliyaandika kwa mkono wangu, nikayatuma nyumbani kwa mzee anayekohoa, nikiona nimesema jambo la maana. Wewe ulipigilia misumari, lakini nyundo ulipewa na nani?

Nimempigia mpiga pasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi, sijafika hata katikati akaniuliza mtoto anaendeleaje. Hakuna aliyeniuliza swali hilo dobini isipokuwa yeye. Nikamuuliza kwa nini alitutaja, na alijua fika tutamfanya nini. Akasema, "Sasa, kati yenu, ningemwacha nani?"

Dirisha la wodi linatazama lango, Baba. Nimekuona kwenye lile benchi kila siku. Hata siku ya mvua nilikuona, umejifunika ile sweta kichwani, na sikukuita. Nilisimama nikakutazama unalowa. Hilo nalo ni langu, na naona haya.

Kesho saa ya kutazama wagonjwa uje, uje na kikombe. Daktari amesema kwa dawa ulizokwisha kumeza huna hatari kwake, nimemuuliza mara tatu. Lakini kesho ni mbali na mtoto anakuulizia. Ukiipata karatasi hii, itoe simu kabatini uiwashe. Tutakupigia leo jioni, nitamwekea sikioni. Anataka ile ya sungura, na anasema hukumwambia suruali ilikuwa ya rangi gani.

Ukishikwa na kikohozi katikati usikate. Kohoa, Baba, tutasubiri.

Mwanao,
Mama Chiriku